Meza ya nje kwa anayeanza

Mdogo wangu, umesema uko Shangani Mtwara, unataka meza ya uani na hujawahi kushika randa, usiogope hiyo kazi utaiweza kabisa. Mbao ya mkongo ni nzuri sana na mchwa hauisumbui ila ni ngumu na bei iko juu, we anza na paini ya dawa, yaani iliyotiwa dawa isiliwe na mchwa wala kuoza, inchi mbili kwa nne kwa fremu na miguu, inchi moja kwa sita kwa juu. Urefu kwenda juu sentimita 75 inatosha kukalia na viti vya kawaida. Fremu ukishaifunga pima kona kwa kona, vipimo viwili vikilingana imekaa mraba, visipolingana isukume kabla hujaendelea. Juu acha nafasi kama milimita 5 kati ya mbao na mbao, maji yapite na mbao ikivimba isibinuke.

Sasa hapa ndo wengi wanapoharibu, chumvi ya bahari inakula misumari ya kawaida, nunua skrubu za stenlesi hata kama zinauma mfukoni, na toboa kwanza na drili mbao isipasuke. Chini ya miguu ndo maji yanaponyonywa, kwahiyo paka rangi ya mafuta mara mbili tatu halafu simamisha meza juu ya vipande vya tofali, usiiweke kwenye mchanga jamani.