Panga Maji na Kivuli Kwanza, Maua Yatafuata

Nyumba yetu ipo Kigamboni, katika kiwanja cha mita 20 kwa 25, na uwanja wake ulitugharimu fedha nyingi kwa sababu niliuanzia mwisho. Nilianza na yale yanayoonekana na wageni, yaani pevingi, matofali ya kusakafia nje, kuanzia getini hadi mlango wa jikoni, safu ya miashoki kando ya ukuta, na majani katika kipande kidogo kilichobaki. Masika yalipofika, maji ambayo zamani mchanga ulikuwa ukiyanywa palepale yalikosa pa kwenda, yakajaa barazani, kisha yakaingia sebuleni usiku tukiwa tumelala. Si fundi wala mimi aliyekuwa amepima mteremko. Tulilazimika kung'oa karibu nusu ya pevingi ile na kuanza upya, na haya ninayoyaandika nimeyapata katika kuanza huko kwa mara ya pili.

Kama umehamia karibuni, nakusihi uutazame uwanja wako kupitia masika moja na kiangazi kimoja kabla ya kutumia fedha kubwa. Mvua inaponyesha, chukua mwamvuli utoke nje uone maji yanatoka wapi, yanapita wapi na yanatuama wapi, kisha weka kigingi kila mahali yanaposimama. Baada ya hapo chora ramani kwenye karatasi yenye miraba, kila mraba uwe nusu mita, na uanze na vitu visivyohamishika: nyumba, geti, tangi, karo la maji taka, kila chemba yake, na njia ya kila bomba lililofukiwa. Mahali bomba lilipopita husahaulika haraka, na aliyelifukia huenda usimpate tena.

Maji ndiyo yanayostahili muda wako mwingi kuliko jambo lingine lolote. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa hutoa lita moja, kwa hiyo paa la mita za mraba 120 likipata mvua ya milimita 50 humwaga lita 6,000, na mvua ya namna hiyo kwa siku moja si ajabu katika masika ya Dar es Salaam. Ukifunga gata na kuyaelekeza maji hayo kwenye tangi unapata ya kumwagilia. Usipofunga, yote yanaangukia kando ya msingi wako. Sehemu iliyosakafiwa iteremke angalau sentimita 2 kwa kila mita kuelekea mbali na nyumba, na usawa huo upimwe kwa ule mpira mwembamba uliojazwa maji ambao mafundi hupimia msingi, usikadiriwe kwa macho. Mimi sasa nimesakafia njia ya gari na ya miguu tu. Upande wa chini wa kiwanja nimechimba bonde lisilo na kina, nikalijaza kokoto na kuzungushia mimea inayopenda unyevu, na maji yakifika pale huzama ardhini kabla mbu hawajapata muda wa kuzaliana.

Kwenu kama udongo ni mfinyanzi, bonde la aina hiyo halitafanya kazi. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, liache linywe, kisha ulijaze tena. Maji ya mara ya pili yakiwa bado yamo kesho yake asubuhi, utahitaji mfereji wa kuyatoa.

Jua nalo lina ramani yake. Katika Dar es Salaam, saa sita mchana mwezi Juni jua huwa limeegemea kaskazini, na mwezi Desemba huwa limeegemea kusini, lakini ukuta wa magharibi huchomwa kila alasiri mwaka mzima. Kwa hiyo mti wangu wa kwanza safari hii niliupanda magharibi, mbele ya dirisha la chumba cha watoto.

Mama yangu alipokuja kututembelea, alisimama juu ya pevingi ile ya kwanza akauliza, "Mwanangu, hapa jioni mnakaa wapi?" Sikuwa na jibu, kwa maana miashoki hupanda juu kama nguzo na kivuli chake hakimtoshi hata mtu mmoja kutandika mkeka. Swali lake nimelifanya kipimo cha kila ninachokiweka nje. Jiulize watu wako watakaa wapi, nguo zitaanikwa wapi, watoto watachezea wapi, na siku ya msiba au shughuli turubai litafungwa wapi na masufuria makubwa yatainjikwa wapi. Sisi tumeacha sehemu ya mita 8 kwa 6 yenye majani matupu, bila mti wala kitalu cha maua, na ndiyo inayotumika kuliko zote.

Katika miti, tazama ukubwa wake wa baadaye. Mwarobaini tulioukuta kiwanjani ulikuwa umeingiza mizizi katika bomba la chemba, na kuuondoa kulikuwa kazi ya siku tatu. Mwembe, mkungu au mfenesi ninauweka si chini ya mita 8 kutoka kwenye nyumba na karo, na kama nafasi hiyo haipo, ninapanda mkomamanga, mpera au mstafeli. Mnazi usiuweke karibu na maegesho wala mahali wanapocheza watoto. Ninyi mnaotumia maji ya kisima hapa pwani, yaonjeni kabla ya kununua miche: yakiwa na chumvi, mlimao na mchungwa vitanyauka, ilhali mnazi, mkungu na bogenvilia huvumilia.

Mchanga wetu hauna rutuba, hivyo kila shimo la mti nilichimba sentimita 60 kila upande na kuchanganya udongo na samadi iliyooza vizuri, kisha nikapanda masika yalipoanza ili mvua inisaidie kumwagilia. Ukoka nimeuweka penye jua kamili. Chini ya miti nimeweka majani ya Pemba, kwa kuwa yanastahimili kivuli.

Maua yamekuja mwisho na yamekuwa kazi nyepesi, kwa sababu ramani ilikwishaonyesha sehemu zilizobaki. Yasmini ipo chini ya dirisha la chumba cha kulala, mrehani na mchaichai vipo hatua chache kutoka mlango wa jikoni, na bogenvilia imeegemea ukuta wa barabarani, mbali na watoto kwa sababu ya miiba yake.