Chui wa Kibo na chui wa theluji

Swali: Shikamoo mzee. Nachora Tingatinga hapa Mbuyuni, Moshi. Mtalii mmoja ameniagiza “chui wa theluji wa Kilimanjaro”, Kibo ionekane nyuma. Mwenzangu aliyewahi kuwa mpagazi anasema chui huyo yupo, alikutwa huko juu ameganda. Kwenye simu naona chui wa kijivu mwenye mkia mnene. Ndiye huyo? Nimchoreje?
*Mchoraji, Mbuyuni*

Jibu: Marahaba kijana. Mwenzako hakukudanganya, ila amechanganya wanyama wawili.

Aliyeganda alikuwepo kweli. Mwaka 1926 mchungaji wa Kilutheri, Richard Reusch, aliukuta mzoga wake ukingoni mwa kreta ya Kibo, akaukata sikio liwe kumbukumbu (wachungaji wa zamani nao!). Mahali hapo panaitwa Leopard Point hadi leo. Kisha mwandishi Mmarekani, Ernest Hemingway, akamtaja kwenye hadithi yake ya mwaka 1936, na tangu hapo wageni wanashuka uwanja wa KIA wakiwa naye kichwani. Lakini huyo alikuwa chui wetu huyu huyu wa msituni, wa manjano.

Wa kijivu, ndiye chui wa theluji hasa, kwao ni Asia: Himalaya, Mongolia, Kirgizistani na kwingineko, jumla nchi 12. Kinasaba yuko karibu zaidi na chui milia kuliko na chui wetu, na kunguruma hawezi.

Sasa brashi. Usianze na manjano uliyoizoea. Changanya nyeupe na nyeusi upate kijivu, tia tone la rangi ya maziwa, tumbo liache jeupe. Madoa yawe makubwa, kingo zimefifia. Macho ni ya kijani hafifu au kijivu. Masikio madogo, nyayo pana zenye manyoya hata chini. Mkia usiubanie: unakaribia urefu wa kiwiliwili, na akilala hujifunika nao usoni.

Tena nyie wa Tingatinga mnapenda kurudufu madoa, kushoto sawa na kulia. Kwa mnyama huyu usifanye hivyo. Watafiti hutegesha kamera kwenye njia zake za majabali, kisha humtambua kila mmoja kwa madoa yake, na ubavu wa kushoto haufanani na wa kulia. Ndivyo wanavyomhesabu mnyama ambaye mchungaji wa mbuzi anaweza kuzeeka bila kumwona. Makadirio ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ya mwaka 2017 yalikuwa chui waliokomaa 2,710 hadi 3,386 dunia nzima.

Picha zile za simu, uso mzima na theluji puani, nyingi hupigwa kwenye bustani za wanyama. Ziangalie kwa rangi, si kwa mwili. Wa porini ana misuli ya kupanda miamba. Aliyempiga picha porini kwanza ni mtafiti wa wanyama, George Schaller, huko Chitral, Pakistani, mwaka 1970. Huyo alitokea kwetu: alikuwa ametoka kusoma simba wa Serengeti.

Kwa hiyo muulize mteja anataka mlima au mnyama. Akitaka Kibo, mpe chui wa manjano. Aking’ang’ania wa kijivu, mchoree majabali ya Himalaya. Akitaka vyote kwenye ubao mmoja, mchoree, hela ni yake, ila usiandike nyuma kwamba ni chui wa Kilimanjaro. Na uchukue kianzio kwanza.