Mapishi 62 ya daftari moja, na wageni walioyala

Daftari lenyewe ni la mistari. Jalada lilishatoka zamani, na mahali pake pameshonewa kipande cha kitenge. Mama mkubwa alianza kuliandika akiwa msichana, darasani kwenye sayansi kimu, akaendelea nalo akiwa mke, akaendelea nalo akiwa mjane, pale pale Tanga mjini. Serikali ilipohamia Dodoma na mimi nikahama na wizara, mwaka 2017, alinifungashia vitu vitatu: daftari hilo, kibao cha mbuzi na kifumbu cha kuchujia tui. "Huko bara watakulisha mlenda mpaka usahau kwenu," akaniambia. Mlenda sasa naupenda, lakini hilo sijamwambia.

Daftari likakaa kabatini miaka sita. Septemba 2023 nikalihesabu, nikapata mapishi 62. Nikaweka nia kwamba nitayapika yote, na kila pishi lazima liliwe na angalau mtu mmoja asiyelala nyumbani kwangu. Nawaandikia haya kwa sababu watu watatu waliokula hapa wameniambia nao wana daftari la mama au kitabu cha mapishi wanachotaka kukimaliza, na nilipowasikiliza nikaona wote wanataka kuanzia pale pale nilipokosea mimi.

Nilianza na biriani. Nikaalika watu kumi na wanne. Ofisini wanajua mimi ni mtu wa Tanga, na mtu wa Tanga akikualika huendi kuonja. Nyama kilo nne, mchele kilo nne, vitunguu vya kukaanga sijui vilikuwa vingapi, kachumbari, juisi ya ukwaju, kreti mbili za soda, viti vya kukodi. Jumla ilivuka shilingi 150,000. Mume wangu ni Mhaya wa Muleba, tena mtu wa hesabu. Usiku ule alichukua kalamu akazidisha mara 62, akapata milioni tisa na laki tatu. Hakusema neno. Karatasi akaibandika kwenye friji.

Wiki saba sikufungua daftari.

Kilichonirudisha ni muhogo. Jioni moja ya katikati ya wiki nilikuwa nimepika muhogo wa nazi kwa ajili yetu tu, jirani akagonga kuuliza kama maji yametoka upande wetu. Kwa kawaida ningemkaribisha kwa mdomo, naye angejibu ameshiba, tukaachana vizuri. Muhogo haukaribishwi mgeni, ndivyo nilivyolelewa. Lakini alishaingia jikoni na harufu ilishanisaliti, basi nikampa sahani. Akavuta kigoda, akala, akaongeza. Akaniambia, "Dada, leo ndiyo nimekula kwako. Siku ile ya biriani nilikuwa nachunga gauni."

Alipotoka nikafungua daftari. Muhogo wa nazi umo, tena umeandikwa kwa mistari minne tu. Nikaweka tarehe pembeni kwa penseli, nikaandika "jirani, sahani mbili." Toka siku hiyo utaratibu wangu ukawa ni pishi moja la daftari, wageni wasiozidi wanne, na kingine chochote kinachokaa mezani ni kile ambacho tungekula hata wasingekuja. Gharama zikashuka zenyewe. Karatasi ya mume wangu ikaondoka kwenye friji bila mjadala.

Sasa nikuambie ukweli, ukishafuata utaratibu huu moto na sufuria havitakusumbua sana. Kitakachokusumbua ni aibu. Sisi tukimwekea mgeni mbaazi na mkate tunaona tumejianika, kama tumemwonyesha mtu nguo za ndani kwenye kamba. Dawa niliyoipata ni kukitaja chakula wakati wa kualika. Sisemi "njoo tule Jumamosi." Nasema, "Njoo Jumamosi, napika kunde za nazi." Anayekuja anajua amekuja kula kunde. Asiyezila anasema hapo hapo, na hakuna anayejilazimisha kubeba kilo mbili za sukari kwa kudhani ameitiwa pilau.

Kutaja chakula kunaokoa na mengine. Kabla sijajifunza hilo, nilimwalika mfanyakazi mwenzangu ambaye ni Msabato. Nikamwalika Jumamosi mchana. Nikampikia kamba wa nazi. Wanaojua wameshaanza kucheka. Jumamosi mchana yuko ibadani, na kamba hali, kwa sababu kwao kiumbe cha majini lazima kiwe na mapezi na magamba. Pweza hali, papa pia hali, na daftari la mtu wa pwani bila hao watatu linabaki robo tatu. Mstaarabu yule alikuja jua lilipozama, akala wali na mchicha, akasifu mchicha kuliko mchicha wenyewe ulivyostahili. Siku hizi nauliza mapema: nini hamli, nani anafunga, nyama imechinjwa na nani, karanga zinamdhuru mtu? Hakuna aliyewahi kukasirika kwa kuulizwa.

Machi 2024 Ramadhani na Kwaresma zilikutana. Mimi nilikuwa nafunga, na jirani yangu wa muhogo, Mkatoliki, alikuwa na Kwaresima yake ambayo Ijumaa hali nyama. Mwezi ule tulimaliza mapishi kumi na manne, kwa sababu futari ndiyo nguvu ya daftari zima: tambi, magimbi, ndizi mbivu za nazi, kaimati, vibibi, uji wa pilipili manga. Ijumaa tukawa tunafuturu naye bila nyama mezani, yeye kwa sababu zake na mimi kwa zangu. Kama una kitabu chenye vyakula vya msimu wa ibada yenu, usivitawanye mwaka mzima. Visubirishe, vitapikika kwa mwezi mmoja na wageni utakuwa nao bila kuwatafuta.

Hapo hapo niseme, usifuate kurasa. Nilijaribu nikakwama ukurasa wa tisa kwenye achari ya embe, nayo embe hakuna mpaka Novemba. Soma kitabu chote kwanza ukiwa umekaa, ukiwa na penseli, ugawe: vya kila siku, vya shughuli, vya msimu, na vile ambavyo kitu chake hakipatikani ulipo. Kwangu fungu hilo la mwisho ndilo lililoniumiza kichwa. Nazi za Dodoma zimesafiri, na nyingine zimesafiri mno. Sokoni Majengo nimejifunza kuitikisa kila moja sikioni, isiyolia maji naiacha. Tui la boksi nalitumia kwenye mbaazi na kwenye mchuzi wa haraka, na ukinipikia wewe sitajua tofauti. Mama mkubwa hajui kuhusu boksi na naomba ibaki hivyo. Pweza nilitumiwa kwa basi kutoka Tanga, amenunuliwa soko la samaki la Deep Sea alfajiri, amefungwa na barafu ndani ya ndoo ya rangi. Daftari linasema apigwe mpaka alainike. Mimi nilimtia kwenye friza siku tatu, nikamtoa, nikamchemsha taratibu, akalainika bila vita. Baba mkwe, aliyekuwa amekuja kutusalimia kutoka Muleba, alimwangalia yule pweza, akaniuliza kwa upole kama mdudu huyu ana mifupa. Akala wali na ukoko. Nimeandika penseli: "Baba mkwe, ukoko."

Vipimo vya daftari ni hadithi nyingine. Unga unapimwa kwa kopo, nalo ni kopo la maziwa mazito. Mchele kwa kibaba. Viungo vinapimwa kwa pesa: "iliki za shilingi mbili," "mdalasini wa shilingi." Nikapiga simu. Mama mkubwa akacheka mpaka akakohoa. "Shilingi mbili ya wakati ule, mwanangu! Punje nane, kumi zikiwa nyembamba." Nikampigia tena kuhusu "hamira kiasi," na tena kuhusu "pika mpaka iive," ambayo imeandikwa kwenye mapishi yote 62 kana kwamba kuna mtu angepika mpaka isiive. Kila alichonijibu nilikiandika pembeni siku hiyo hiyo. Kama mwenye daftari lako yuko hai, mpigie simu sasa, usisubiri ukwame.

Lililonisumbua kuliko yote ni mkate wa kumimina. Kwenye daftari ni rahisi: mchele ulowekwe usiku kucha, usagwe na tui zito mpaka uwe laini, utiwe hamira na iliki, ukiumuka utiwe sukari, umiminwe kwenye sufuria iliyopakwa samli, upaliwe moto juu na chini. Nilijaribu Julai. Kwa joto la Tanga ndani ya saa moja unga unakuwa umefura. Kwa baridi ya Dodoma ya mwezi huo nilisubiri saa mbili na nusu, unga umetulia kama maji ya kisima. Wageni watatu wamekaa sebuleni, nikawapa chai na mkate wa dukani.

Mara ya pili niliuweka unga ndani ya sufuria kubwa yenye maji vuguvugu, nikaufunika kanga mbili, ukaumuka vizuri. Nikaupika kwenye gesi. Chini ukaungua, juu ukabaki uji. Nikapiga simu. "Moto wa gesi uko chini tu, utapaliaje juu?" Kweli, nimeusoma mstari ule mara ishirini bila kuuona. Nikanunua jiko dogo la mkaa na mfuniko wa bati. Akanipa hesabu yake: makaa matatu chini, kumi na mbili juu, na usifunue funue. Mara ya tatu nilikaa na kigoda mbele ya jiko, mlango wa nyuma uko wazi. Ilipofika kama nusu saa harufu ikabadilika, ya unga mbichi ikatoka, ya iliki na samli ikaingia. Nilipofunua, juu umeshika rangi ya dhahabu na vitobo vidogo vidogo vimejaa kama sifongo. Nilipiga picha kumi na moja, na zote zimetoka na moshi.

Kwa hiyo vyakula vya kuumuka vifanyie mazoezi peke yako kabla ya kualika mtu. Mchuzi unaweza kujifunzia mbele ya wageni, kwa sababu mchuzi unaokoleka. Ukizidi chumvi unajua la kufanya, ukiwa mwepesi unaupa muda. Ila tui zito litie mwisho na upawa usitoke mkononi, maana tui likikatika halirudi. Mkate uliokataa kuumuka hauna cha kuambiwa.

Na wageni wafanyishe kazi. Hili nililiogopa pia. Nilipofika kwenye sambusa nilijua sitaweza kukunja manda zote peke yangu, nikawaambia wanne waje saa nane badala ya saa kumi na mbili. Mmoja wao tunakaa naye meza zinazotazamana ofisini miaka miwili, na ninachokijua juu yake ni kwamba anapenda kiyoyozi kizimwe. Akiwa anakunja manda, macho yako kwenye gundi ya unga, alitusimulia habari za mama yake aliyekuwa anauza sambusa stendi ya Korogwe, na kwa nini yeye alikuwa hazili tena. Siku hiyo alikula tano. Bokoboko nayo, ile ngano ya kusongwa na nyama, tuliisonga kwa zamu, kila mtu dakika kumi za mwiko, anayechoka anapisha. Mtu aliyesonga hawezi kukwambia chakula kimekosa chumvi kwa sauti ile ya mgeni. Anakwenda mwenyewe kuchukua chumvi.

Chakula kilichobaki nawafungia. Bakuli zangu hazirudi tupu: zabibu, karanga mbichi, mara moja kuku mzima aliyefungwa miguu ambaye mtoto wangu alimkatalia kuchinjwa. Bado yupo.

Kati ya 62 nimepika 61 na moja iko njiani. Halua niliipika kwa msaada wa sufuria ya kuazima na mikono ya watu sita, na sitairudia. Ya mwisho ni achari ya ndimu. Ndimu zimepasuliwa, zimejazwa chumvi, ziko kwenye chupa juu ya ukuta wa uani, zinapigwa na jua la Dodoma, ambalo kwa kazi hii halina mpinzani. Jirani kila akianika nguo anaitazama chupa, ananiuliza kama tayari. Juzi nilimpigia mama mkubwa nikamweleza rangi yake. Akaniuliza maganda yamelainika? Nikasema bado kidogo. "Basi usifungue," akasema, "na huyo jirani yako mwambie aanze kupika wali."