Damu haikatiki baada ya kuweka kijiti: niswali au nisubiri?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Nilikuwa nachoma sindano ya uzazi wa mpango, karibu mwaka mzima sikuona siku zangu. Nimebadilisha nikawekewa kijiti, na leo ni siku ya 22 natoka damu. Siku 5 za kwanza ilikuwa nyekundu na nzito. Tangu hapo ni kahawia hafifu, kila siku. Mama mkwe kasema nisiswali mpaka nikauke kabisa, na mume wangu naye anasubiri. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah. Dada yangu, oga josho la hedhi leo hii, uswali. Mama mkwe hakukosea kwa siku 15 za mwanzo. Baada ya hapo hukumu ilibadilika.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, tunayoyafuata wengi wetu huku pwani, hedhi haizidi siku 15. Damu ikikatika ndani ya muda huo, yote ni hedhi, hata ya kahawia. Ikivuka, imechanganyika na istihadha (damu isiyo ya hedhi, isiyozuia swala), ndipo tunaitazama sifa yake. Nzito ni hedhi, madhali haikupungua mchana na usiku mmoja wala kuzidi siku 15; hafifu ni istihadha, madhali imefululiza siku 15 au zaidi. Yako imetimiza yote: siku 5 ni hedhi, zilizobaki ni istihadha.

Fatima bint Abi Hubaysh alimuuliza Mtume (s.a.w.) jambo hilihili, kwamba hatwahariki, je aache swala? Akamwambia la, huo ni mshipa, si hedhi. Hedhi ikija aache swala, ikiondoka aoshe damu na aswali. Kwamba yako imeletwa na dawa hakubadilishi hukumu. Matone ya namna hii ni ya kawaida miezi ya mwanzo ya kijiti.

Swala za siku ya 6 hadi jana, ambazo ni 80, utazilipa. Usitishike: hukujua, basi zigawe kila siku kadiri unavyoweza. Kila fardhi, ya leo au ya kulipa, wakati wake ukishaingia jisafishe, vaa pedi, tawadha, uswali papo hapo. Sunna swali utakazo kwa udhu huohuo.

Mumeo ni halali kwako ukishaoga; hili ni kauli ya wanazuoni wengi, wala asione karaha.

Mwezi ujao usingoje siku 15 tena. Rangi ikififia tu, oga. Damu nzito ikirudi baada ya hiyo hafifu kutimiza siku 15, hiyo ni hedhi mpya. Na ikiwa yote ni ya sifa moja na imevuka siku 15, rudi kwenye ada yako, yaani siku za hedhi ulizozizoea kabla ya sindano.

Ukiona inajaza pedi moja baada ya nyingine, au tumbo linauma sana, rudi kliniki ulikowekewa.

Wallahu aalam.