Kupiga picha za vijana wenye ualbino bila kuwafanya wa kuhurumiwa

Ndugu yangu, nimekuelewa: unataka kupiga picha za vijana wenye ualbino jijini Mwanza kwa ajili ya maonyesho, nawe unachelea zisije zikaishia kuomba huruma. Mwachie kijana mwenyewe achague vazi, mahali na mkao, kisha mwonyeshe picha ili akatae asizozipenda; kazi nyingi za namna hii huharibika kwa sababu mpiga picha alikuja na hadithi aliyokwisha kuiamua.

Macho yao huumizwa na mwanga mkali, kwa hiyo acha flashi na utumie kivuli cha baraza au dirisha lenye pazia jepesi. Nyuma kukiwa na giza, punguza mwanga unaoingia kwenye kamera, la sivyo uso utatoka mweupe mno pichani.

Lililo zito zaidi ni usalama. Kanda ya Ziwa imewahi kushuhudia mauaji ya watu wenye ualbino, basi futa taarifa za mahali zilizomo ndani ya faili la picha, usionyeshe nyumba wala shule, na ridhaa iwe ya maandishi, pamoja na ya mzazi kwa aliye chini ya miaka 18. Kabla ya kuzitoa hadharani, onana na mwanasheria anayeijua Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.