Kozi ya kupokea simu za dharura: uliza protokoli kwanza, pesa baadaye

Dada wa Moshi, hiyo laki nne anayotaka wakala usiitume! Umeuliza kama cheti cha mtandaoni cha kupokea simu za dharura na kutuma ambulensi kitakupa kazi, kama lazima uwe nesi, na mshahara ukoje. Naanza na cheti maana ndipo watu wanapopigwa.

Kazi hii husomei tu "dharura", unasomea protokoli: seti maalumu ya maswali na maelekezo, ya kadi au ya kompyuta, ambayo kituo chenyewe kimeilipia leseni. Chukua cheti cha IAED, taasisi ya kimataifa ya wapokea simu za dharura, wale wa Salt Lake City, Marekani. Kozi ni saa 24, mtihani maswali 50, kufaulu ni asilimia 80. Safi kabisa. Ila ukienda nacho kwenye kituo kisicho na leseni ya protokoli yao, hakina kazi. Tena kinakufa baada ya miaka 2, na kukihuisha wanataka saa 24 za mafunzo endelevu pamoja na kadi hai ya CPR, yaani kumwokoa aliyesimama moyo kwa kumbonyeza kifua. Utazipatia wapi kama hakuna kituo kilichokuajiri? Changu kiko sebuleni ndani ya fremu, wageni wanakisifia sana.

Huyo wakala anayekuimbia "kinatambulika dunia nzima" mbane: kituo gani, mkoa gani, protokoli gani, toleo la ngapi? Atakutumia picha ya Mzungu kavaa hedifoni. Wengi wao wanauza PDF ya huduma ya kwanza iliyobadilishwa jalada. Kufunga bendeji na kupokea simu wapi na wapi, wakati mgonjwa humwoni?

Simu imeingia kutoka Pasua usiku, mtu analia. Unaanza na mahali. Vibao vya anwani za makazi vipo, lakini aliyechanganyikiwa hakumbuki namba, kwa hiyo unamuuliza msikiti gani, duka gani, bodaboda wanapaki wapi, kisha unamrudishia alichosema athibitishe. Halafu namba yake ya simu, isije ikakatika. Halafu: ameamka? Anapumua kawaida? Akikujibu "anakoroma kwa mbali", hapo ndipo mwenye PDF anapoua mtu. Aliyezimia na anavuta pumzi moja moja kwa kukoroma, mchukulie moyo umesimama. Alazwe chali sakafuni, aliyepiga simu aweke kiganja katikati ya kifua, abonyeze angalau sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, nawe unahesabu naye kwa sauti. Lengo la American Heart Association, shirika la moyo la Marekani, ni kumtambua huyo ndani ya sekunde 60 tangu upate anwani, na mbonyezo wa kwanza ndani ya 90. Kasi hiyo inakuja kwa kusikiliza simu zilizorekodiwa huku mkaguzi akikusahihisha neno kwa neno.

Huku kwetu anzia 115, ile namba ya m-mama, huduma ya usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga. Ina mwongozo wake yenyewe wa kuamua mgonjwa aende kituo kipi na kwa gari lipi. Nenda ofisi ya Mganga Mkuu wa Mkoa, uliza wanaowapokelea simu wanatoka wapi na nani anawafundisha. Kuuliza ni bure.

Unesi unasaidia, ndiyo. Mshahara sijaugusa, najua. Kwanza niambie, hiyo laki nne bado unayo?