Jibu: Je, maamuzi katika The Witcher 3 yana uzito?

Ndugu, umeuliza kama maamuzi ya mchezaji katika The Witcher 3, mchezo wa video wa mwaka 2015 uliotengenezwa na CD Projekt Red ya Poland, yana uzito wa kweli au ni pambo tu. Yana uzito, na ushahidi wangu ni kisa cha Baron, mtawala wa eneo la Velen ndani ya mchezo. Unatumwa kuiua roho iliyofungwa chini ya mti mkongwe: ukiifungua, watoto yatima wa kinamasini wananusurika, lakini kijiji jirani kinaangamizwa, mke wa Baron anafariki na Baron mwenyewe anajinyonga; ukiiua, Baron anaondoka na mkewe, ambaye akili zimemruka, kwenda kumtafutia mganga, ila watoto wale hawaonekani tena. Hakuna anayekuonya mapema, na matokeo hujitokeza baadaye, wakati umekwisha kuhifadhi mchezo wako mara kadhaa juu ya uamuzi ule.

Mapigano ndiyo sehemu dhaifu. Ukishazoea kukwepa na kujikinga kwa ngao ya kichawi iitwayo Quen, hata majitu makubwa hayatishi. Geralt, mhusika unayemwongoza, naye hugeuka kwa uzito kama jahazi, na farasi wake Roach hukwama mbele ya ua mfupi ambao mbuzi angeuruka. Tena hadithi inakuhimiza umtafute upesi Ciri, binti wa kulea wa Geralt, ilhali kila kilabu cha pombe kinakuita ucheze karata za Gwent (nami niliitika kila mara).

Ukiununua, chukua pamoja na nyongeza ya Blood and Wine ya 2016.